Je, wajua? Harrier si Lexus bandia, lakini si kila Harrier ni Lexus

Kuna ubishi wa magari ambao Mombasa hauishi, hasa kwenye yadi na vijiwe vya mafundi: Toyota Harrier ni Lexus, au si Lexus? Upande mmoja hushikilia kwamba Lexus ni gari la Wamarekani, Toyota wakaliiga na kutoa Harrier. Upande wa pili hushikilia kwamba Harrier yoyote ni Lexus yenye jina jingine, kwa hivyo mtu akinunua ile herufi L iliyo ndani ya duara la yai na kuibandika mbele ya gari lake, hajamdanganya mtu. Pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, na ukweli wenyewe unavutia kuliko ubishi.

Tuanze na la kwanza. Lexus ni mali ya Toyota tangu siku ya kwanza, na magari yake ya mwanzo yote yaliundwa na kutengenezwa Japani. Kinachowapotosha watu ni kwamba nembo hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1989, na Japani kwenyewe haikuwa na duka hata moja la Lexus hadi Agosti 2005. Kwa muda wa miaka 16, gari la fahari la Wajapani halikupatikana kwao kwa jina lake. Mtu wa Tokyo aliyetaka lile gari kubwa lililoitwa Lexus LS 400 huko Marekani alikwenda kwa muuzaji wa Toyota, akapewa gari lile lile kwa jina la Toyota Celsior.

Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mwaka 1981, kwa shinikizo la Marekani, Japani ilikubali kuweka kikomo cha magari inayopeleka huko: 1,680,000 kwa mwaka. Ukiambiwa idadi isizidi, njia ya kuongeza mapato ni kuuza gari la bei kubwa zaidi. Mwaka 1983 mwenyekiti wa Toyota, Eiji Toyoda, aliwauliza wakuu wenzake kama kampuni inaweza kuunda gari la kushindana na magari bora kabisa duniani. Tatizo lilikuwa jina. Mmarekani wa wakati ule alijua Toyota ni Corolla: haifi, haili mafuta, bei nafuu. Nani angetoa pesa za Mercedes kununua Toyota? Honda walikutana na ukuta huo huo wakaanzisha Acura mwaka 1986, na Nissan wakaja na Infiniti mwaka 1989.

Nyumbani ukuta huo haukuwepo. Mjapani alikuwa amezoea Toyota Crown tangu 1955 na Toyota Century tangu 1967, gari la wakubwa wa serikali na wa makampuni. Hakuhitaji jina jipya ili aamini kwamba Toyota inaweza kutengeneza gari la heshima. Basi kila gari la Lexus likapata pacha wa Kijapani: LS akawa Celsior, ES akawa Windom, GS akawa Aristo, IS akawa Altezza, LX 470 akawa Land Cruiser Cygnus, na RX akawa Harrier. Mwenye Altezza hapa Mombasa anayesema gari lake ni Lexus IS hajivuni bure.

Sifa ya Lexus yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka karibu yote kwenye gari moja, ile LS 400. Toyota husema ilitengeneza magari ya majaribio yapatayo 450 na kutumia zaidi ya dola bilioni moja. Hizo ni hesabu za kampuni inayojisifia kazi yake, na zichukuliwe hivyo. Lakini gari lenyewe lilipotoka, waandishi na wanunuzi waliliendesha wakakuta jambo moja lisilo na ubishi: lilikuwa na utulivu wa ajabu.

Hapa ndipo penye ufundi wa kutazamwa kwa makini. Ichiro Suzuki, mhandisi mkuu wa gari hilo, alikuwa na kanuni moja: kelele izuiwe pale inapozaliwa. Fikiria jenereta ya jirani kwenye kichochoro cha Mji wa Kale umeme unapokatika. Unaweza kufunga madirisha na kuteremsha mapazia mazito. Kelele itapungua, lakini chumba kitajaa joto, na mlango ukifunguliwa tu mvumo umerudi. Au unaweza kumwendea jirani na kuangalia jenereta yenyewe. Pengine imewekwa juu ya sakafu isiyo sawa, na mguu mmoja unacheza. Ikikalishwa vizuri ikatulia, mtaa mzima unapata nafuu na madirisha yanabaki wazi. Watengenezaji wengi wa magari ya fahari walikuwa wakitegemea sana mapazia: mazulia manene, raba, na vitambaa vya kunyonya sauti mlangoni na chini ya sakafu. Kila kimoja huongeza uzito, na uzito hula mafuta. Suzuki aliiendea jenereta.

Mfano mzuri ni shafti. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka kwenye injini iliyo mbele, hupita kwenye gia boksi, kisha hufuata shafti ndefu chini ya sakafu hadi kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Kwa kawaida vitu hivi havikai kwenye mstari mmoja: injini iko juu kidogo, difu iko chini, na shafti hupinda kwenye viungo vyake. Kiungo kilichopinda hakipeleki mzunguko sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja, upande wa pili huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ukiwa kwenye foleni ya Kibarani hutalihisi hilo. Kwa kilomita 100 kwa saa, shafti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kule kuharakisha na kuchelewa kunakuwa mvumo unaofika hadi kwenye kiti. Suzuki alidai injini, gia boksi, shafti na difu vilazwe karibu kwenye mstari ulionyooka kabisa. Ni rahisi kusema, lakini maana yake ni kwamba sakafu na bodi vinapangwa kuifuata shafti, na si shafti kupenyezwa mahali palipobaki. Ongeza hapo injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4 iliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa, na bodi inayopasua upepo kwa kipimo cha 0.29, kidogo mno kwa gari kubwa la zama zile. Kwa kuwa gari halikubebeshwa uzito wa kuficha kelele, lilikwepa hata ile kodi ambayo Marekani huwatoza wenye magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi.

Tangazo lake la televisheni lilikuja kujulikana sana. Glasi za mvinyo zilipangwa kama piramidi juu ya boneti, gari likapandishwa kwenye rola, na magurudumu yakazungushwa kwa mwendo unaolingana na zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Hakuna glasi iliyoanguka. Ni onyesho zuri, ila lina mpaka wake. Gari lilikuwa limesimama mahali pamoja, hakuna shimo wala tuta. Lilithibitisha utulivu wa injini na shafti, halikuthibitisha lolote kuhusu springi na shokomzoba.

Jambo la pili lililojenga jina hilo lilikuwa hitilafu. Miezi michache baada ya mauzo kuanza, mwezi Desemba 1989, kampuni ilipata malalamiko mawili tu kuhusu nyaya na taa ya breki iliyopata joto kupita kiasi. Ikaamua kuyarekebisha magari yote yaliyokuwa yameuzwa, yapatayo 8,000. Mafundi waliyafuata magari kwa wenyewe, wakayatengeneza na kuyarudisha bila malipo, na kazi ikamalizika kwa siku 20. Kwa kampuni changa kukiri kasoro mapema hivyo kungeweza kuwa maangamizi. Badala yake, kulifundisha wateja kwamba duka la Lexus ni mahali pa namna nyingine. Kufikia 1991 ilikuwa nembo ya fahari ya kigeni iliyouzwa kuliko zote Marekani.

Sasa turudi kwenye Harrier, kwa sababu hapa ndipo ubishi wetu unapochanganya mambo. Ile shafti iliyonyooka haimo ndani ya Harrier. Harrier ya kwanza ilijengwa juu ya msingi wa Camry: injini imelazwa kwa ubavu na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, au yote manne kwa zile zenye mfumo huo. Wala haikuiga RX. Harrier ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na Lexus RX 300 ikaingia sokoni Marekani 1998, ingawa gari la maonyesho la mradi huo lilikuwa limeonekana Chicago mapema 1997 likiwa na nembo ya Lexus. Huwezi kusema nani alimwiga nani. Ni gari moja lililoandaliwa majina mawili, likauzwa katika maduka mawili.

Hata hivyo mapacha hawa hawakulingana kila kitu. RX za kizazi cha kwanza na cha pili ziliuzwa na injini za V6, yaani za silinda sita. Harrier ilikuwa na V6 pia, lakini Wajapani waliuziwa na za silinda nne: lita 2.2 na baadaye 2.4 katika kizazi cha kwanza, na lita 2.4 katika kizazi cha pili kilichoanza 2003. Ile Harrier iliyoandikwa 240G tunayoiona sana hapa Pwani ndiyo hiyo ya lita 2.4. Ukiikuta imeandikwa RX 330 nyuma, maandishi na injini havipatani, kwa maana 330 ni V6 ya lita 3.3. Silaumu mtu kwa kubandika. Wajapani wenyewe walifanya hivyo, na baadhi ya magari hushuka Kilindini yakiwa tayari na L yake. Ila Harrier iliyotoka kiwandani ilikuja na nembo yake mbele: ndege wa jamii ya mwewe aliyekunjua mabawa.

Kisha mapacha wakaachana. Mwaka 2005 Lexus ilifungua maduka Japani, ikaanza na GS, IS na SC. Majina ya Aristo, Altezza na Soarer yakaisha. Celsior ikafuata 2006, nafasi yake ikachukuliwa na LS 460. Mwanzoni mwa 2009 RX ya kizazi cha tatu iliuzwa Japani kwa jina la Lexus, huku Harrier ya umbo la zamani ikiendelea kuuzwa kando yake kwa miaka kadhaa. Kufikia hapo hazikuwa tena gari moja. Na Harrier mpya iliyotoka mwishoni mwa 2013 ilikuwa gari jingine kabisa, yenye undugu na RAV4, na injini yake ya kawaida ikiwa ya lita 2. Kwa Harrier ya 2014 kuja mbele, kusema "hii ni Lexus" si kweli hata kidogo.

Hili lina uzito kwa mnunuzi wa leo. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo Harrier zinazoshuka melini sasa zote ni za baada ya kuachana. Zile pacha za kweli ni zile zilizokwisha kukaa nchini miaka mingi. Ushuru nao hutazama jina na injini: orodha ya bei ya forodha ina mstari wa Toyota na mstari wa Lexus, na ukubwa wa injini huamua kiwango cha ushuru wa bidhaa.

Wa kuulizwa si beji. Fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye neno MODEL, au soma herufi za mwanzo za namba ya chasisi kwenye karatasi za kutoka Japani. SXU10 au MCU10 ni Harrier ya kwanza. ACU30 ni ile ya lita 2.4, MCU30 ni V6 ya lita 3, na MHU38 ni haibridi ya V6 (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme), ambayo Lexus waliiita RX 400h na kuipa msimbo huo huo wa MHU38. ZSU60 ni Harrier ya 2013 yenye kuvuta kwa magurudumu mawili, ZSU65 ya magurudumu manne, na hizo spea zake usiziulize kwa jina la RX. Ukikuta MXUA80, hiyo ni ya kuanzia 2020: Amerika Kaskazini gari hilo liliuzwa na injini ya haibridi kwa jina la Toyota Venza hadi modeli ya 2024, na yule mwewe wa mbele ameondolewa, nembo ya Toyota ikakaa mahali pake.