Kabla ya Kuleta Miche, Uliza Ng'ombe Wanakunywa Wapi

Mwezi wa tisa mwaka jana nilichimbua miti miwili midogo katika eneo moja la malisho huko Usukuma. Wa kwanza ulikuwa mjohoro uliopandwa mwezi wa pili mwaka huohuo, na ulikuwa umekauka kama kijiti cha mswaki. Mzizi wake mkuu ulikuwa umejikunja kufuata umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, umezunguka mara mbili kama kamba, na haukuteremka hata shubiri moja chini ya pale ulipowekwa. Wa pili ulikuwa mgunga ambao hakuna mtu aliyeupanda. Juu ya ardhi haukufika goti. Mbuzi walikuwa wameutafuna mpaka ukafanana na ufagio mkuukuu. Lakini mzizi wake ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono wangu, na nilipofika kina cha mita moja na nusu nikaacha kuchimba, mzizi ukiwa bado unateremka.

Mimi ni mtafiti wa miche ya misitu. Nimekulia kazini ndani ya kitalu: kuchuja mchanga, kujaza viriba, kumwagilia asubuhi na jioni, kuhesabu mbegu zilizoota. Kwa hiyo nayasema haya nikiwa upande wa miche. Katika nchi kame yenye mifugo, miti mingi inayohitajika imo ardhini tayari, na inachosubiri ni muda wa kuachwa ikue.

Shinyanga ndiyo inayonifundisha hilo kila mwaka. Nikisema Shinyanga nina maana ya mkoa wa zamani, kabla Simiyu haijakatwa mwaka 2012. Kuanzia miaka ya 1920 mapori makubwa ya huko yalifyekwa kupambana na mbung'o. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, alifanyia kazi yake hapohapo. Baadaye pamba ikachukua ardhi, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 vumbi lilikuwa limetawala.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye Norway iliusaidia kwa fedha. Mwanzoni ulifanya kile ambacho ningefanya mimi: vitalu na miche. Kisha wataalamu wake, akiwamo Wendelen Mlenge aliyeuongoza kwa miaka mingi, wakageukia jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo siku zote, ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mifugo hutolewa, nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Linafunguliwa kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, tena kwa vipande. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa na wazee. Ni akiba ya nyasi kama ghala lilivyo akiba ya mtama. Kuna ngitili za kaya na kuna za kijiji, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anajibu mbele ya wenzake. Sungusungu na mkutano wa jadi, dagashida, wamesimamia sheria hizo kuliko karatasi yoyote ya ofisini.

Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 611 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kule Johannesburg mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna kitalu duniani kingetoa miche ya kujaza hekta hizo. Miti ilitoka kwenye visiki hai, kwenye migunga iliyotafunwa kama ile niliyoichimbua, na kwenye mbegu zilizolala udongoni. Miezi ile saba hadi tisa ya kufungwa ndiyo inayoupa mgunga nafasi ya kupandisha chipukizi juu ya mdomo wa mbuzi. Ukishavuka hapo, haurudi tena chini.

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Mvua ya Shinyanga ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Si haba. Tatizo ni inakokwenda. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo mimi nayatumia kuliko yale ya darasani: luseni ni kichanga cha juu, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi, na ibambasi ni ule mgumu kama saruji ambao jembe linaurukia. Kwenye ibambasi iliyokanyagwa na kwato, mvua inashuka na kuondoka palepale. Nenda ukasimame njia ya ng'ombe kuelekea lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, wakati mvua inanyesha: utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakikimbia kama yameitwa, na udongo wa juu umo ndani yake.

Kumbuka kipimo hiki: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 30, ikinyesha juu ya mita za mraba 10 za ardhi ngumu, ni lita 300. Ukichimba tuta la nusu duara, mdomo ukitazama juu ya mteremko, hata ukinasa nusu tu umeupa mche mmoja lita 150 kwa mvua moja. Linganisha na ndoo ya mama anayebebea mche maji kutoka kisimani. Nimeona vijiji vikigawiwa miche elfu kadhaa bila tuta hata moja, kisha wanawake wakalaumiwa kwamba hawakumwagilia. Hilo linanikera sana. Mama ana watoto wa kuwanywesha, na ng'ombe mmoja kwenye joto lile anaweza kunywa lita 30 hadi 40 kwa siku. Mche wetu unasimama mwisho wa foleni hiyo, na ndivyo inavyopasa.

Lambo lenyewe lina matatizo yake. Maji yaliyo wazi kwenye jua la kule hupoteza kama milimita 5 hadi 7 kila siku, yaani karibu mita nzima kiangazi chote hata ng'ombe asipogusa. Ongeza tope linaloletwa na njia zile za ng'ombe, na lambo lililochimbwa kwa gharama kubwa linajaa udongo ndani ya miaka michache. Ndiyo maana nikiitwa kijijini kuzungumzia miche naanza kwa kuuliza ng'ombe wanakunywa wapi na wanapita wapi. Njia hizo zikionyeshwa chini kwa fimbo, ninajua mahali ambapo mche hautapona, na mahali ambapo ngitili ikifungwa italikinga lambo pia.

Nisieleweke kwamba mifugo ni adui wa mti. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu; kitaluni tunachemsha maji, tunayaepua, tunatumbukiza mbegu na kuziacha humo hadi siku ya pili. Tumbo la mbuzi hufanya kazi inayokaribia hiyo. Mbegu nyingi zinasagwa, lakini zinazopita nzima zinatoka zimelainika, zimezungukwa na samadi. Kule Turkana, Kenya, Robin Reid na James Ellis walionyesha mwaka 1995 kwamba migunga huchipua kwa wingi pale palipokuwa na zizi lililohamwa. Wazee wa Usukuma hawakuhitaji tuwaambie. Mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye kichaka cha duara kabisa, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo lilipokuwa zizi la baba yangu."

Wala si kweli kwamba kila mti unaleta maji. Mti unakunywa. Utafiti wa Ulf Ilstedt na wenzake nchini Burkina Faso, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima maji yanayozama chini na kukuta yanakuwa mengi zaidi pale miti ilipo ya wastani: ardhi tupu inayaacha maji yatiririke, na msitu mzito unayanywa. Ngitili nzuri ina sura hiyohiyo, nyasi chini na miti iliyoachana. Anayetaka kuijaza mikaratusi mistari kwa mistari namwomba asubiri kwanza.

Miche ina mahali pake, na hapo sitaki iguswe. Nyumbani, karibu na macho ya watu, panda mwarobaini na matunda. Pembeni mwa shamba panda miti ya malisho, lusina kwa mfano, ukate majani kwa ng'ombe wa maziwa. Mahali ambapo hata visiki vimeng'olewa, huna njia ila kitalu. Lakini mche utoke kitaluni kabla mzizi haujagonga chini ya kiriba. Wiki za mwisho upunguziwe maji na uzoeshwe jua. Siku ya kupanda, chana kiriba chote na ukate mzizi uliojikunja bila huruma. Tena uingie ardhini mvua zikiwa zimeshika. Mche unaopandwa mwezi wa nne, mvua zikiaga, unapandwa kwa ajili ya picha.

Hofu yangu ya leo ni kugawanyika. Baba mwenye ngitili ya hekta 10 ana wana wanne, kila mmoja anapata kipande, mmoja analima mpunga, mwingine anakodisha nyasi kwa mfugaji wa mbali ambaye hana sababu ya kutoa ng'ombe mapema. Sheria ya kufunga inahitaji eneo lenye ukubwa wa kutosha kuzungukwa na kulindwa. Kijiji kimoja ninachofanyia kazi kimeamua ndugu waendelee kufunga vipande vyao kwa tarehe moja hata kama hati ni tofauti. Nimeweka vigingi 40 humo, kila kigingi kando ya mgunga uliotafunwa, na nimeupima kila mmoja urefu.

Mwezi wa nane uliopita nilikuwapo walipofungua. Nyasi zilifika kiunoni. Mvulana wa miaka kama kumi alitanguliza ndama sita, nyuma yao ng'ombe mmoja mkongwe aliyetoka mbavu, akitembea taratibu mpaka akaingiza kichwa kwenye nyasi na kusimama. Migunga 31 kati ya 40 ilikuwa imenizidi kimo cha magoti.