Tawdry: jina la mtakatifu lililogeuka tusi

Kitu kikiitwa tawdry kwa Kiingereza, kimesutwa. Kinameremeta, lakini ni cha bei chee na hakina hadhi. Husemwa juu ya mapambo na nguo, hata juu ya kashfa za wakubwa. Lakini neno lenyewe limetokana na mwanamke aliyeyapa mapambo kisogo.

Huyo ni Æthelthryth, binti wa Mfalme Anna wa Anglia Mashariki. Alikuwa malkia wa Northumbria, akauacha umalkia akawa mtawa, na mwaka 673 akaanzisha monasteri huko Ely, mashariki mwa Uingereza. Alifariki mwaka 679, akiwa na uvimbe mwekundu shingoni. Bede, mtawa aliyekamilisha historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia kwamba mgonjwa aliupokea uvimbe ule kwa furaha: ujanani shingo ile ilibeba mikufu isiyo na maana, na sasa, badala ya dhahabu na lulu, imebeba adhabu yake.

Baadaye watu walilifupisha jina lake likawa Audrey. Gulio la sikukuu yake huko Ely likavuma kwa tepe za hariri za kufunga shingoni, zikiitwa kwa jina lake. Shingoni, tena! Kwangu hapo ndipo penye uchungu wa habari hii.

“Saint Audrey” ukiitamka harakaharaka, ile t ya mwisho wa Saint inaruka na kuganda kwenye Audrey. Ndipo ikapatikana tawdry. Barabara ya Tooley jijini London ilizaliwa vivyo hivyo kutokana na “Saint Olave”. Nasi tumeikata “kitab” ya Kiarabu mahali pasipokuwa na mkato, tukaifanya ki- kiambishi, tukapata vitabu.

Mwanzoni neno halikuwa na ubaya. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Winter's Tale, msichana mchungaji anamkumbusha kijana kwamba alimwahidi utepe wa tawdry na glavu zenye manukato, na hiyo ni zawadi ya kutamaniwa. Ni katika karne hiyohiyo ya 17 ndipo tepe hizo zilipoanza kuonekana takataka za magulioni, na neno likashuka nazo.

Usilichanganye na gaudy. Kasri lililopakwa dhahabu halisi kila pembe laweza kuwa gaudy, maana limezidisha. Ili liwe tawdry, lazima dhahabu yenyewe iwe ya bandia.