Kizunguzungu na sikio kuvuma: tatizo liko sikioni au kichwani?

Nikiinama kuokota korosho dunia inazunguka, na sikio la kushoto linavuma kama redio iliyokosa stesheni. Jirani kaniambia nina uvimbe kichwani. Kweli? (Mama wa Newala)

Pole, mama. Jirani kakimbilia mbali. Kizunguzungu cha kuinama au kujigeuza kitandani, kisichofika dakika moja, mara nyingi kinatokana na chembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Daktari hukigeuza kichwa chako kwa mpangilio maalumu, basi. Kikidumu dakika 20 hadi saa kadhaa, sikio likajaa na usikivu ukawa unapanda na kushuka, hapo hufikiriwa ugonjwa wa Ménière. Taja pia kama umetumia kwinini au sindano za jentamaisini. Zote huweza kuliletea sikio matatizo.

Uvimbe unaingiaje hapo?

Ubongo umefunikwa na tando, na maji yamo kati yake. Utando uitwao araknoidi huweza kuachana tangu mtoto yuko tumboni, maji yakajikusanya humo yakawa uvimbe wa maji (sisti ya araknoidi). Si saratani, na wengi huzeeka nao bila kujua. Shida ni ukikaa nyuma kule, kati ya ubongo mdogo na shina la ubongo, unakopita mshipa wa fahamu wa nane, wa kusikia na wa mizani ya mwili. Ukiubana mshipa huo, mgonjwa hueleza yale yale ya sikio: kuvuma, uziwi, kizunguzungu. Hapo ndipo watu humaliza chupa za dawa ya matone bila nafuu.

Nitashuku lini?

Usikivu ukipungua sikio moja tu, ukiyumba hata siku isiyo na kizunguzungu, uso ukifa ganzi, au kichwa kikikuuma asubuhi pamoja na kutapika. Omba upimwe usikivu na uonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Eneo lile picha ya MRI (ya sumaku) huliona vizuri kuliko ya CT (ya eksirei).

Ukionekana, lazima kupasuliwa?

Hapana. Uvimbe unaweza kuwepo na kizunguzungu kikawa na sababu yake nyingine kabisa, kwa hiyo madaktari wengi huangalia kwanza na kurudia picha baadaye. Ukiwa unabana kweli, utapewa rufaa kwa wapasuaji wa ubongo, kama walioko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Na kwa sasa?

Usipande mnazi, usiingie baharini peke yako. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito ghafla, usingoje kesho: huenda ni kiharusi. Nenda Ligula, Ndanda au hospitali yoyote iliyo karibu, saa hiyo hiyo.