Theluji ya Oktoba bado ipo: tahadhari ya maporomoko milimani Colorado

Kila Novemba tunaulizwa swali lile lile: theluji yenyewe inafika magotini tu, itaporomokaje? Itaporomoka, na sababu ni huo huo uchache wake.

Theluji ya Oktoba hubaki kwenye miteremko ya kivulini inayotazama kaskazini na mashariki. Chini yake ardhi iko karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Juu, usiku baridi ni kali. Tabaka likiwa jembamba, tofauti hiyo hubanwa ndani ya sentimita chache, na nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 inatosha kugeuza chembe ziwe kama sukari, zisishikane. Upepo ukirundika theluji ngumu juu yake, hilo ni bamba lililokaa juu ya golori. Upande wa kusini umeshayeyuka, kwa hiyo anayetafuta pa kuteleza anaikuta theluji palepale penye msingi mbovu.

Pima mteremko. Mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo tazama kilicho juu yako, maana unaweza kulikata bamba ukiwa bondeni. Ukisikia theluji ikititia kwa mvumo, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya skii, geuza. Na hapana, kelele haziangushi theluji; uzito wako ndio unaoiangusha. Hata poromoko dogo sasa linakuburuta juu ya mawe na visiki ambavyo Februari vitakuwa vimefunikwa.

Transiva, yaani kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, ivaliwe mwilini ikiwa imewashwa, simu iwe umbali wa sentimita 20. Wakati wa kutafuta, sentimita 50. Tumia betri za alkali, kwani za kuchaji hudanganya kiwango cha chaji. Fito ya kupimia kina iwe na sentimita 240 au zaidi, na beleshi liwe la chuma. Fito ikimgusa aliyefukiwa, iache hapo, shuka kiasi cha mara moja na nusu ya kina, kisha chimba kuelekea kwake. Baada ya dakika 10 hivi nafasi ya kumpata hai hushuka haraka.

Kituo cha skii kisichofunguliwa si salama kuliko mlima mtupu: watu wa doria hawajaanza kulipua miteremko ili kuiangusha theluji mbovu kwa makusudi. Kuvuka kamba ya eneo lililofungwa ni kosa la kisheria Colorado.

Soma utabiri wa CAIC, kituo cha taarifa za maporomoko ya theluji cha Colorado, asubuhi ya safari, si wa jana. Kiwango cha hatari cha 2 kati ya 5 si ruhusa. Ukiona poromoko, hata kama halikumgusa mtu, tuma taarifa: saa, mwinuko, uelekeo wa mteremko, upana wa mkatiko na picha iliyopigwa kutoka mbali.