"Kwa wazungu mtu husema lolote": sentensi ninayoisikia kila darasa

Kazi yangu ni kunoa waandishi wa dawati la kimataifa, wale wanaopokea habari za mashirika ya nje, wakazitafsiri na kuzitia hewani kabla saa haijagonga. Kila nikianza mafunzo, hata chai ya saa nne haijaletwa, mtu atanyoosha mkono: "Lakini mwalimu, kwa wazungu mtu husema lolote na haguswi." Wiki iliyopita nimeisikia mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili ilitoka kinywani mwa mhariri mwenye nywele nyeupe kuliko zangu. Nimechoka kuijibu kwa dakika tano. Leo naijibu kwa kirefu, na dhana nyingine nazigusa kwa sababu huja zimefuatana nayo.

Dhana: Magharibi kuna uhuru wa maneno usio na mpaka

Ukisema Magharibi, unasema nchi gani? Chukua mtu mmoja tu, David Irving, Mwingereza aliyeandika vitabu vingi kuhusu Vita vya Pili vya Dunia na kukana kwamba Wayahudi waliuawa kwenye vyumba vya gesi kule Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Maneno ya mtu huyo mmoja yalifika nchi tatu, na kila nchi ikayapokea kivyake.

Marekani alizunguka akihutubia wafuasi wake, na hakuna mwendesha mashtaka aliyeweza kumgusa kwa maneno hayo. Uingereza pia hakuna sheria inayofanya kukana mauaji hayo kuwa jinai, lakini huko ni yeye aliyekwenda mahakamani. Profesa Mmarekani, Deborah Lipstadt, alimtaja kitabuni kuwa mmoja wa wakanushaji hatari. Irving akamshtaki kwa kashfa, yeye na mchapishaji wake, kampuni ya Penguin, na akafungua kesi London. Kwa nini London? Kwa sheria ya kashfa ya Uingereza, aliyeandika ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Wanahistoria wakaajiriwa wapekue vitabu vya Irving ukurasa kwa ukurasa. Kesi ilianza Januari 2000, na hukumu ya tarehe 11 Aprili ikasema wazi kwamba Irving alipotosha ushahidi wa kihistoria kwa makusudi. Profesa alishinda, lakini baada ya miaka ya kujitetea kwa jambo ambalo nyumbani kwao lingemlemea mlalamikaji.

Nchi ya tatu ni Austria. Mwaka 1989 Irving alitoa hotuba huko. Aliporudi mwishoni mwa 2005 alikamatwa, na Februari 2006 mahakama ya Vienna ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu kwa hotuba zile zile za miaka 16 nyuma. Alikaa gerezani mpaka Desemba mwaka huo.

Basi niambie, "wazungu" wanasemaje kuhusu maneno ya Irving? Wanasema mambo matatu yasiyofanana, na mawili kati ya hayo yametoka ndani ya Ulaya.

Mizizi ya tofauti hii si siri. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalikataza Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema au wa vyombo vya habari. Sentensi yenyewe ni fupi na haina "lakini". Mipaka imewekwa na majaji baadaye, na wameisukuma mbali sana. Mwaka 1964, katika kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kiongozi wa umma hawezi kushinda kesi ya kashfa mpaka athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo au kweli. Mwaka 1969 ikafuta hukumu ya kiongozi wa Ohio wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ikisema maneno ya uchochezi huadhibiwa pale tu yanapokusudia kuzua uvunjaji wa sheria papo hapo na yanaelekea kufanikiwa. Mwaka 2011, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikalilinda kanisa dogo la Kansas ambalo waumini wake walisimama karibu na mazishi ya askari aliyefia Iraq wakiwa na mabango ya kushukuru vifo vya wanajeshi. Majaji walijua baba mzazi ameumizwa, wakasema hivyo, na bado wakawalinda wenye mabango.

Sasa soma kifungu cha 10 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, uliotiwa saini Roma mwaka 1950. Aya ya kwanza inatoa uhuru wa kujieleza. Aya ya pili inasema uhuru huo una wajibu na majukumu, kisha inaorodhesha sababu za kuuwekea mpaka: usalama wa taifa, kuzuia uhalifu, heshima na haki za wengine, na kadhalika. "Lakini" imo ndani ya sheria yenyewe. Ulaya ya 1950 ilikuwa bado inafukua vifusi. Ujerumani ilikuwa imeona chama kikitumia magazeti, mikutano na kura kuingia madarakani, kisha kikavifunga vyote. Ndiyo maana kifungu cha 130 cha sheria yake ya jinai kinaadhibu uchochezi wa chuki na kukana mauaji ya Wayahudi, na kifungu cha 86a kinakataza alama za Kinazi hadharani. Agosti 2017 watalii wawili Wachina walipigana picha mbele ya jengo la Bunge mjini Berlin wakinyoosha mkono kwa saluti ya Hitler. Polisi waliwakamata, wakaachiwa kwa dhamana ya euro 500 kila mmoja. Kama una ndugu anayeishi Ujerumani na hupenda kurusha vichekesho mtandaoni, mwambie hili leo.

Mwanafunzi akishasikia haya hurukia ukingo wa pili: "Kumbe Ulaya wanabana kuliko Marekani." Hapana, polepole. Mwandishi wa Denmark, Jens Olaf Jersild, aliwahoji vijana wabaguzi kwenye televisheni mwaka 1985, na mahakama za kwao zikamtia hatiani kwa kusaidia kueneza maneno yao. Mwaka 1994 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, ikasema Denmark imekosea: mwandishi anayeripoti chuki si mwenye chuki. Hukumu hiyo nawapa waandishi wote ninaowafundisha, na naona inafaa kuwa ukutani mwa kila chumba cha habari.

Na kuna tukio moja ninalolipenda kwa sababu linaonyesha jinsi pande hizi mbili zinavyowaza. Januari 2021 Twitter iliifunga akaunti ya Donald Trump. Waandishi wengi wa kwetu walitafsiri habari hiyo kama uvunjaji wa Katiba ya Marekani. Haikuwa hivyo. Marekebisho ya Kwanza yanaifunga mikono serikali, wala hayaigusi kampuni binafsi. Lakini siku tatu baadaye msemaji wa Kansela Angela Merkel, Steffen Seibert, alisema hatua hiyo ina walakini. Nchi inayofunga watu kwa matamshi ya chuki ikamtetea Trump? Ndiyo, na bila kujipinga. Kwa Mjerumani, mpaka wa maneno huwekwa na sheria iliyotungwa na wabunge, si na meneja wa kampuni. Kwa sheria ya Marekani, meneja ana uhuru wake, na anayepaswa kuogopwa ni serikali. Ukiielewa aya hii umeielewa nusu ya somo langu.

Kwa hiyo sheria yangu darasani ni moja na siilegezi: neno "Magharibi" haliingii kwenye habari inayohusu sheria ya maneno. Andika nchi, andika mahakama, andika kifungu kama kinajulikana. Hata "Ulaya" itumie pale tu unapozungumzia Strasbourg au Umoja wa Ulaya, na usichanganye hivyo viwili, maana mahakama ya Strasbourg si ya Umoja wa Ulaya.

Hili linatugusa mfukoni pia. Sheria za kashfa za Kenya na Tanzania zina mizizi ya Kiingereza. Nimewahi kukaa na mchapishaji aliyepokea barua ya wakili, naye akanijibu kwa kujiamini kwamba mlalamikaji ni kiongozi wa umma, kwa hiyo lazima athibitishe nia mbaya. Alikuwa amesoma kuhusu Sullivan mtandaoni. Hukumu ya Washington haimkingi mtu mahakamani Nairobi wala Dar es Salaam, na yeye alikuwa ameshachapisha bila kutunza hati hata moja ya ushahidi. Tunza hati zako kana kwamba utaulizwa uthibitishe kila mstari, kwa sababu utaulizwa.

Dhana: Sheria ikiruhusu, gazeti litachapisha

Septemba 2005 gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha katuni 12 za Mtume. Mwaka uliofuata magazeti kadhaa ya Ulaya yalizirudia. Magazeti makubwa ya Marekani, yenye ulinzi wa kisheria kuliko yote hayo, mengi yalikataa. Adabu ya chumba cha habari ni kitu kingine na sheria ni kitu kingine. Vivyo hivyo kwa mwili wa mtu: mwaka 2004 titi la mwanamuziki Janet Jackson lilionekana kwa chini ya sekunde moja kwenye televisheni ya CBS ya Marekani, na mamlaka ya mawasiliano ikataka faini ya dola 550,000, ambayo baadaye mahakama iliifuta. Wakati huo huo gazeti la The Sun la London lilikuwa likiweka picha ya msichana kifua wazi ukurasa wa tatu, mezani pa chai ya asubuhi.

Dhana: Vyombo vyao haviegemei upande

Hapa mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Uingereza, televisheni na redio ndizo zinazobanwa na mdhibiti, Ofcom, zisiegemee upande wa siasa, na tangazo la kulipia la chama ni marufuku hewani. Magazeti hayana kizuizi hicho: baada ya uchaguzi wa 1992 The Sun lilijigamba ukurasa wa kwanza kwamba ndilo lililowapa Conservative ushindi. Ufaransa anayenunua Le Figaro la kulia na anayenunua Libération la kushoto wanajua wananunua mrengo gani. Marekani gazeti kubwa hujitahidi kutenga habari na maoni, na likimuunga mkono mgombea hufanya hivyo kwenye ukurasa wa maoni, kama New York Times lilivyofanya kwa Abraham Lincoln mwaka 1860. Huko televisheni ndiyo inayopiga kambi. Kanuni ya kuwataka watangazaji wasikilize pande zote, iliyowekwa 1949, ilifutwa 1987. Fox News na MSNBC zilianza 1996.

Dhana: Mtuhumiwa akishakamatwa, picha yake ni ya umma

Ni ya umma New York. Mei 2011 Mfaransa Dominique Strauss-Kahn, mkuu wa IMF, alipitishwa mbele ya kamera akiwa na pingu, na Ufaransa nzima ikashtuka, hata waliomchukia. Sheria yao ya Juni 2000 inakataza kuonyesha mtu aliyefungwa pingu kabla hajahukumiwa. Agosti 2011 mashtaka ya jinai dhidi ya Strauss-Kahn yalifutwa, na picha zile zipo mpaka leo. Ujerumani mtuhumiwa wa kawaida huandikwa jina la kwanza na herufi moja ya ukoo. Naomba sana tuige hili la Wajerumani, kwa sababu sisi tumeiga la New York bila kuiga mawakili wake.

Dhana: BBC, DW na VOA zote ni redio za serikali

BBC ina hati ya kifalme na huishi hasa kwa ada ya leseni inayolipwa na kaya zenye kutazama televisheni, ingawa idhaa za dunia, Kiswahili ikiwemo, hupata pia ruzuku ya serikali. DW hulipwa kutoka bajeti ya serikali ya shirikisho. Mjerumani akilalamikia ada ya utangazaji ya euro 18.36 kila mwezi analalamikia ARD na ZDF, mashirika ya umma yanayowatangazia Wajerumani wenyewe, wala si DW. VOA ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa sheria ya 1948 haikuruhusiwa kuwatangazia Wamarekani wenyewe mpaka mabadiliko yaliyoanza kutumika 2013. Iliruhusiwa kumtangazia babu wa Tabora, lakini si mtu wa Texas.

Dhana: "Liberal" ni neno moja

Marekani liberal ni mtu wa mrengo wa kushoto. Ujerumani, chama cha kiliberali cha FDP kinapigania kodi ndogo na soko huria. Rangi nazo hupishana: nyekundu ni ya Republican tangu televisheni zilipoizoea katika uchaguzi wa 2000, lakini London nyekundu ni Labour na Berlin ni SPD. Kituo kimoja nilichokuwa nikikifundisha kilitangaza kwamba waliberali wa mrengo wa kushoto wametolewa Bungeni Ujerumani, wakati FDP ilipokosa asilimia 5 ya kura za kuingilia Bungeni, Februari 2025. Nilipiga simu saa mbili na dakika kumi usiku. Waliirudia hivyo hivyo saa nne.