Mota ya waipa husingiziwa mengi

Waipa zikigoma kwenye gari kuukuu, hukumu hutoka haraka: mota imekufa, tafuta nyingine. Nimeona mota nzima ikitupwa, mpya ikafungwa, na siku chache baadaye ugonjwa ukarudi kama ulivyokuwa. Kati ya swichi na mpira unaopangusa kioo kuna fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nyaya, arthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), gia, rodi, shafti na mikono. Mota ni mmoja tu kati ya hao wote, na mara nyingi ndiyo ngumu kufa kuliko wenzake.

"Waipa zikitambaa, mota imechoka"

Hii ndiyo dhana iliyokula pesa nyingi za watu. Angalia zile shafti mbili zinazochomoza chini ya kioo, zinazobeba mikono ya waipa. Zinazunguka ndani ya bushi zilizotiwa grisi gari lilipoundwa. Miaka 20 baadaye grisi hiyo imekauka ikawa kama gundi, maji yamepenya na kutu imeweka makao. Mota inasukuma mzigo ambao haikuumbiwa, halafu lawama zinaiangukia yenyewe.

Jaribio lake halihitaji ufundi mkubwa. Chomoa fyuzi ya waipa kwanza, kwa sababu rodi hizo zinaweza kukata kidole. Tenganisha rodi na kikono cha mota, kisha sukuma waipa kwa mkono. Zikiwa nzito, mgonjwa umempata, na si mota. Vua shafti, safisha kutu, paka grisi mpya. Kupulizia mafuta ya kulegeza kutu kutoka juu bila kufungua kitu ni kutuliza maumivu tu: waipa zitachangamka kidogo, kisha mafuta yale yakishaosha grisi iliyobaki zitakuwa nzito kuliko mwanzo.

Zikiwa nyepesi, rudisha fyuzi, kisha pima umeme kwenye waya za mota. Hapa wengi hujidanganya: wanachomoa plagi, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Waya ulioliwa na kutu huonyesha volti 12 ukiwa hauna kazi, kisha volti zinaporomoka mota inapoanza kuvuta. Pima mota ikiwa imeunganishwa na swichi imewashwa. Usisahau arthi. Mota nyingi za zamani hupata arthi kupitia boliti zake, na rangi au kutu chini ya boliti hizo inatosha kuzidhoofisha. Vuta waya wa muda kutoka kwenye ganda la mota hadi kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Nasema hivyo badala ya "nguzo hasi" kwa makusudi, maana magari kadhaa ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalitumia arthi chanya. Waipa zikichangamka ghafla, umemaliza kazi kwa kipande cha waya na msasa.

"Fyuzi ikiungua mara kwa mara, weka kubwa zaidi"

Fyuzi imewekwa kuulinda waya. Ikiungua kila mvua inaponyesha, mota inavuta umeme mwingi, aghalabu kwa sababu ya shafti zile zile zilizokwama, au kuna waya uliochubuka unapiga shoti kwenye bodi. Ukiweka fyuzi kubwa, fyuzi haitaungua tena, kweli. Kitakachoungua ni waya nyuma ya dashibodi.

Kuna mota ambazo zina kinga yake ndani: zikipata joto kupita kiasi hujikata, zikipoa hurudi. Kwa hiyo waipa zinazokufa baada ya dakika chache na kufufuka zenyewe hazina "shetani wa umeme", kama nilivyowahi kuambiwa na mtu mzima na akili zake. Zinalalamika mzigo ni mzito.

"Mwendo wa kwanza umekufa, wa pili unafanya kazi, basi ni swichi"

Inawezekana, lakini mota nyingi za miendo miwili zina kaboni (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) tatu: moja inatumika wakati wote, moja ni ya mwendo wa polepole, na ya tatu ni ya mwendo wa kasi. Mwendo wa polepole ndio unaotumika zaidi, hivyo kaboni yake huisha mapema. Peleka umeme moja kwa moja kwenye waya wa mwendo wa polepole. Mota ikizunguka, shuku swichi. Ikinyamaza, fungua mota uangalie kaboni. Nyingi za zamani zinafunguka na kaboni hubadilishwa.

"Waipa zikisimama katikati ya kioo, swichi haizimi vizuri"

Waipa hazijui mahali pa kulala kwa kuambiwa na swichi. Ndani ya nyumba ya gia kuna kisahani cha shaba na vidole vya chuma vinavyokigusa. Ukizima, umeme huendelea kupita hapo mpaka kisahani kifike kwenye pengo lake, ndipo mota inasimama. Grisi iliyoganda ikifunika vidole hivyo, mota husimama pale pale ulipozima. Fungua kifuniko, safisha shaba, nyoosha vidole taratibu.

Waipa zikilala sawasawa kila mara, lakini mahali pasipo pake, basi ni mtu alirudisha mkono vibaya. Iache mota ifike maegeshoni kwanza, ndipo ufunge mikono. Na kabla ya kuivua mikono, bandika utepe kwenye kioo palipolala mpira.

Ukiisikia mota inanguruma na waipa zimetulia, tazama nati ya mkono. Meno ya ndani ya mkono ni laini kuliko ya shafti, nati ikilegea huliwa, na hapo kukaza hakusaidii.

"Zinapungua kasi nikipanda mlima, kwa hiyo ni mbovu"

Kama gari lako lina waipa za umeme, chunguza. Lakini magari mengi ya Marekani hadi miaka ya 1960 yaliendesha waipa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Ukikanyaga mafuta mvuto hupungua, na waipa huzubaa wakati unazihitaji. Ndivyo zilivyo. Kagua tu kama bomba la mpira limepasuka.

"Zikirukaruka, nunua mpira mwingine"

Sikiliza kwanza. Kelele ikitoka upande mmoja tu wa safari, mkono umepinda na mpira haujasimama wima juu ya kioo. Unyooshe kidogo kidogo, ukiwa umeunyanyua. Pande zote mbili zikilia, osha kioo kwa sabuni mpaka utando wa mafuta utoke. Na usipanguse mpira kwa petroli ukidhani unaulainisha. Unaufanya uvimbe na kulegea.

Ukivua mpira, laza kitambaa kinene kwenye kioo chini ya mkono. Springi yake ni kali, na mkono mtupu ukiponyoka hupasua kioo.