Proksi binafsi: maana ya kuvinjari kupitia seva ya mbali

Mwenye duka Mwanjelwa akitaka mzigo wa Kariakoo, si lazima apande basi. Anampigia ndugu yake aliyeko Dar es Salaam, ndugu anazunguka madukani, analipa, anafunga mzigo na kuupakia kwenye basi la Mbeya. Muuzaji wa Kariakoo hamfahamu mtu wa Mwanjelwa. Anayemfahamu ni yule aliyesimama mbele yake na hela mkononi. Proksi ni huyo ndugu.

Kwa kawaida kivinjari chako hukiendea chenyewe kile ulichoomba, na tovuti huiona anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha mtandao unaoutumia. Ukiweka proksi, ombi linapita kwanza kwenye kompyuta nyingine, nayo ndiyo inayobisha hodi kwenye tovuti, inachukua ukurasa na kukuletea. Tovuti inabaki na anwani ya kompyuta hiyo. Proksi inakuwa binafsi pale ambapo kompyuta hiyo ni seva uliyoikodi au unayoimiliki, na anayeitumia ni wewe peke yako. Zile za bure zinazosambazwa mtandaoni sizishauri kwa mtu yeyote, maana unamkabidhi mzigo ndugu usiyemjua hata kwa sura.

Mimi nilianza kuijali habari hii kwenye gesti moja ya Makambako. Waifai yao ilikuwa ya bure, lakini kila tovuti ya kizamani isiyo na alama ya kufuli niliyoifungua ilikuja na tangazo lililobandikwa juu yake. Tangazo hilo halikutoka kwenye tovuti. Kuna mtu katikati aliyekuwa anafungua mzigo wangu njiani na kutia vitu vyake. Tovuti zenye kufuli, yaani zinazoanza na https, haziwezi kuchezewa hivyo kirahisi. Hata hivyo mwenye waifai kwa kawaida huona majina ya tovuti unazozitembelea, ingawa hasomi kilichomo.

Njia nyepesi ya kujitengenezea proksi ni SSH, mfumo uliobuniwa mwaka 1995 na Mfini Tatu Ylönen baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chake. Kazi yake ya kila siku ni kumwezesha fundi kuiongoza seva akiwa mbali, kwa njia iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa siri ili aliye katikati asiisome. Lakini ukiandika hivi kwenye dirisha la amri (terminal) la kompyuta yako:

ssh -D 1080 jina@anwani-ya-seva

SSH inachimba handaki kati yako na seva, na kufungua mlango namba 1080 ndani ya kompyuta yako. Kisha unaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kivinjari cha Firefox, unachagua kuweka proksi kwa mkono, na kwenye nafasi ya SOCKS unaandika 127.0.0.1 na 1080, toleo la 5. Anwani hiyo ya 127.0.0.1 maana yake ni "mashine hii hii", kwa hiyo mtu mwingine wa waifai ile ile hawezi kuudandia mlango wako.

Hapo hapo kuna kisanduku kidogo cha kupitisha DNS kwenye proksi. Hakikisha kina alama. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, na kisanduku kikiwa kitupu kompyuta yako itaendelea kumuuliza mwenye waifai kila jina unalotaka kulitembelea. Utakuwa umemtuma ndugu Kariakoo kwa siri huku ukitangaza orodha ya bidhaa stendi.

Jambo lingine watu huliruka. Mara ya kwanza unapoungana na seva, SSH hukuonyesha alama ya utambulisho wake na kukuuliza kama unaikubali. Wengi hujibu ndiyo bila kusoma. Fanya muungano huo wa kwanza nyumbani kwa bando lako, ulinganishe alama na ile inayoonyeshwa na kampuni uliyokodi seva. Baada ya hapo SSH inaikumbuka, na siku ukiwa ugenini ikikuonya kwamba alama imebadilika bila wewe kugusa seva, acha, usiendelee.

Sasa, je, umekuwa huonekani? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Umehamisha imani tu. Mwenye waifai wa Makambako sasa anaona handaki moja linaloelekea kwenye seva moja. Aliyekukodisha seva ndiye anayeweza kuona unakoelekea. Tena seva yenyewe umeilipia kwa jina lako na hakuna mwingine anayeitumia, kwa hiyo hakuna umati wa kujichanganya nao. Ukiingia kwenye akaunti yako ya barua pepe, wenye huduma hiyo wanakujua kama kawaida.

Tofauti na VPN, handaki ambalo kwa kawaida hubeba mawasiliano yote ya kompyuta, ni kwamba proksi hii inabeba kivinjari ulichokipanga tu. Programu nyingine kwenye kompyuta zinaendelea kupita njia ya wazi. Kisheria, msidhani tofauti hiyo ya kiufundi ni kinga: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Anayepanga kutumia handaki la aina yoyote kazini aulize kwanza utaratibu ukoje.

Mahali seva ilipo nako kuna uzito wake. Ukiwa Iringa na seva yako iko London, hata tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam itazunguka hadi Uingereza na kurudi kabla haijakufikia, na huduma za benki zinaweza kushtuka kuona umeingia kutoka nchi nyingine. Bando nalo linaliwa vile vile.

Handaki likikatika, tuseme mtandao umeyumba au kompyuta imelala, Firefox itagoma kufungua ukurasa na kusema proksi inakataa muungano. Usikimbilie kuzima proksi. Kugoma huko ndiko kunakozuia maombi yako yasitoke kwa njia ya wazi. Andika tena ile amri, kisha fungua ukurasa upya.